Sona au kamera ya chini ya maji: mwongozo wa kuchagua kwa mvuvi na mfugaji wa samaki wa Ziwa Kivu

Swali hili hunijia mara nyingi tangu video za uvuvi wa barafuni zilipoanza kuzunguka katika simu za wavuvi wa Bukavu. Mtu amevaa makoti mawili, ameketi juu ya ziwa lililoganda, ametoboa tundu kwenye barafu, na mbele yake kuna ama kioo cha duara kinachowaka rangi nyekundu na kijani, ambacho ni cha sona, chombo kinachotafuta samaki kwa mwangwi wa sauti, ama skrini ndogo ya kamera inayoonyesha samaki akikikaribia chambo. Kijana anayetazama video hiyo, ambaye usiku uleule ataingia ziwani kutafuta sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, anauliza kwa haki kabisa: katika vyombo hivi viwili, kipi kitanifaa mimi, maana pesa niliyo nayo inatosha kimoja tu?

Jibu langu ni kwamba anayevua sambaza usiku anunue sona kwanza, na anayefuga tilapia katika vizimba vya nyavu ziwani anunue kamera kwanza. Hata hivyo jibu hilo peke yake halitoshi, kwa sababu maji ya mmoja si maji ya mwingine, na nimeona watu wakitoa akiba ya mwaka mzima kwa chombo kizuri ambacho hakikuwa na kazi pale walipokipeleka. Hatua zilizo hapa chini zinaweza kufuatwa kabla ya kulipa hata franka moja, na nyingi kati yake zinahitaji kamba, jiwe na sahani tu.

Vyombo hivi vilitengenezwa kwa ajili ya nani

Ni vizuri kujua asili ya chombo kabla ya kukiamini. Katika nchi za baridi kama Kanada, Ufini, Urusi na majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Minnesota, maziwa huganda kila mwaka, na watu husubiri mpaka barafu safi ifikie unene wa angalau sentimita 10 ndipo watembee juu yake. Mvuvi hutoboa tundu lenye upana wa sentimita 15 hadi 25, akashusha uzi wima, akangoja. Hawezi kuona kilicho chini yake, na kutoboa tundu jingine ni kazi. Kwa hiyo anahitaji kujua upesi kama mahali hapo pana samaki au hapana.

Sona aliyozoea mvuvi huyo huitwa flasha. Kifaa kidogo kinachozamishwa majini, transdyusa, hupiga mlio ambao sikio la mtu haliwezi kuusikia, kisha hungoja mwangwi. Mwangwi ukirudi upesi, kitu kiko karibu. Ukichelewa, kiko mbali. Matokeo huonekana kwenye duara lenye namba za kina, na kila kitu kilichogongwa na mlio huwa mstari wa rangi: kijani kwa mwangwi hafifu, rangi ya chungwa kwa wa wastani, nyekundu kwa mwangwi mkali. Flasha haihifadhi picha ya jana wala ya dakika iliyopita. Huonyesha kinachotokea sasa hivi. Ziko pia sona za skrini ya kawaida, ambazo huchora mwangwi ukisogea kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mtu huona na kilichopita muda mfupi nyuma.

Kamera, kwa upande wake, ni jicho lililofungwa kwenye kebo, lenye taa ndogo kuzunguka lenzi na skrini juu. Chini ya barafu maji mara nyingi huwa maangavu sana, kwa kuwa hakuna upepo wala mawimbi ya kutibua tope. Kumbuka jambo hilo, maana uzuri mwingi wa picha unazoziona kwenye video umetokana na maji yale kabla ya kutokana na kamera yenyewe.

Mvuvi wa barafuni na mvuvi wetu wa sambaza wanafanana kuliko watu wanavyodhani. Mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu hukaa karibu mahali pamoja usiku kucha, taa zinawaka, wavu wa kuinua umeshushwa wima, na timu inangoja gizani. Huyu naye hawezi kuona chini, na kuhama kunamgharimu nguvu na saa. Ndiyo maana chombo kilichobuniwa kwa ajili ya barafu kinaweza kumfaa mtu wa Bukavu kwenye maji ya nyuzi 24.

Hatua ya kwanza: andika swali unalotaka kujibiwa

Chukua daftari uandike kwa sentensi moja kile unachokosa kukijua ukiwa majini. Usiandike «nataka kuona samaki». Hilo ni tamanio tu. Andika kama hivi: «Sijui kama sambaza wamefika chini ya taa au bado», au «Sijui kina cha maji pale ninaposhusha wavu», au «Sijui kama nyavu za kizimba changu zimetoboka», au «Sijui kama chakula ninachowapa tilapia kinaliwa chote».

Maswali mawili ya kwanza ni ya mahali na kina, na hayo hujibiwa na sona. Mawili ya mwisho ni ya hali na sura ya kitu, na hayo hujibiwa na kamera. Sona haiwezi kukwambia jina la samaki. Tangu mwaka 2006 ziwa letu lina samaki mwingine mdogo kutoka Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye huvuliwa pamoja na sambaza, na kwenye duara la flasha kundi la mmoja na kundi la mwingine ni mistari tu. Kamera nayo haiwezi kukwambia kuna nini mita 25 chini ya mtumbwi kama yenyewe haijafika huko.

Ukiona umeandika maswali ya aina zote mbili, weka alama kwenye lile ambalo kutolijua kumekupotezea pesa nyingi zaidi mwaka huu.

Hatua ya pili: pima maji yako mwenyewe

Tengeneza kamba ya timazi. Chukua kamba isiyovutika, piga fundo kila mita moja, na kila mita tano funga kitambaa cha rangi. Mwishoni funga jiwe la kilo moja au mbili. Nenda mahali unapovulia, ushushe, uhesabu. Fanya hivyo sehemu tatu au nne, kwa sababu mwambao wa Kivu una miteremko mikali: mtumbwi ukisogea urefu wake mara chache tu, kina kinaweza kubadilika kwa mita nyingi.

Kisha pima uwazi wa maji. Chukua sahani nyeupe ya kawaida, itoboe au uifunge vizuri kwa uzi ili ilale mlalo, uiwekee uzito chini, uishushe upande wa kivuli wa mtumbwi wakati wa mchana. Hesabu mafundo mpaka isionekane tena, halafu ipandishe polepole mpaka itokee. Kina kilicho katikati ya namba hizo mbili ndicho uwazi wako. Wataalamu wa maji hutumia diski maalumu kwa kazi hiyohiyo, lakini sahani ya jikoni inatosha kwa uamuzi wetu. Rudia siku nyingine baada ya mvua kubwa, hasa kama uko karibu na mto unaoshuka kutoka mlimani, kwa maana mvua moja inaweza kugeuza maji mazuri kuwa chai ya maziwa.

Kwa uzoefu wangu, kamera huona kwa kufaa karibu nusu ya uwazi huo, na pungufu ya hapo usiku. Sahani ikipotea kwenye mita 5, usitarajie kumtambua samaki aliye zaidi ya mita 2 au 3 kutoka kwenye lenzi. Ikipotea kwenye mita 1, funga mjadala wa kamera hapo hapo.

Jambo moja zaidi kuhusu ziwa hili linapaswa kujulikana kabla ya kununua sona yenye nguvu kubwa. Kivu lina kina kinachofikia karibu mita 485, lakini samaki hawaishi humo mote. Oksijeni hufika mpaka mita 60 au 70 hivi wakati wa kiangazi, upepo unapochanganya maji. Wakati wa masika hupungua mpaka karibu mita 30. Chini ya hapo ni maji yasiyo na oksijeni, yenye gesi iliyoyeyuka, na hakuna sambaza anayekaa huko. Katika ghuba ya Kabuno mpaka huo uko juu zaidi, karibu mita 11 tu. Kwa hiyo muuzaji akikusifia sona inayosoma mita 300, jua kwamba unalipia mita 230 za maji matupu. Chombo kinachosoma vizuri mpaka mita 70 kinamtosha mvuvi wetu yeyote.

Hatua ya tatu: elewa koni ya sona kabla ya kuinunua

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Mlio wa transdyusa hushuka ukipanuka kama koni, mfano wa mwanga wa tochi unavyopanuka ukutani. Upana wa koni hutegemea pembe iliyoandikwa kwenye transdyusa. Pembe ya nyuzi 20, ambayo ni ya kawaida kwa mlio wa kilohezi 200, hutoa duara ambalo upana wake ni kama thuluthi moja ya kina na kidogo juu yake: kwenye mita 10 ni mita 3.5, kwenye mita 20 ni mita 7, kwenye mita 30 ni mita 10 na nusu. Pembe ya nyuzi 9 ni nyembamba zaidi. Kwenye mita 20 hufunika mita 3 tu. Mvuvi wa barafuni hupenda koni nyembamba kwa kuwa chambo chake kiko palepale chini ya tundu. Mvuvi wa wavu wa kuinua anahitaji koni pana kiasi, kwa kuwa wavu wake ni mpana na kundi la sambaza hutawanyika chini ya taa. Kwa hiyo, kama transdyusa ina chaguo mbili, chukua nyuzi 20 au zaidi.

Koni huleta udanganyifu mmoja unaostahili kueleweka. Kila kilicho ndani ya koni kwa umbali uleule kutoka kwa transdyusa huonekana kwenye kina kilekile, hata kama kimoja kiko kushoto na kingine kulia. Kwenye mteremko, ukingo wa juu wa mteremko hugongwa kwanza, hivyo chombo hukuonyesha sakafu ikiwa juu kuliko ilivyo moja kwa moja chini yako, na samaki waliokaa karibu na sakafu hufichwa ndani ya mstari huo mnene. Usijaribu kumtafuta samaki wa sakafuni kwenye mteremko kwa sona. Hutampata, na hilo halimaanishi kwamba chombo ni kibovu.

Kinachorudisha mlio kutoka kwa samaki ni hasa kibofu chake cha hewa, kwa kuwa hewa ndani ya maji hugongwa na sauti kama ukuta. Sambaza ni mdogo, lakini ana kibofu, na wakikusanyika kwa maelfu chini ya taa hutoa mstari mnene ambao hauwezi kukosewa. Kwa sababu hiyohiyo, mapovu ya injini humsumbua mtumiaji: transdyusa ikiwekwa karibu na propela, skrini hujaa vumbi la mistari. Ifunge mbali na injini, upande usiogongwa na mawimbi.

Mwishowe, koni ya mvuvi wa barafuni hutulia kwa kuwa barafu haitikisiki. Transdyusa yake huning'inia kwenye waya katikati ya tundu, ikielekea chini moja kwa moja. Mtumbwi wetu huyumba, na koni huyumba nao: ikiinama, inapima mshazari na kukuongezea kina cha uongo. Dawa ni rahisi. Ning'iniza transdyusa kwa kebo yake ndani ya bomba la plastiki lililofungwa wima kwenye mti unaounganisha mitumbwi, ncha yake ikiwa imezama sentimita 30 hivi, ili uzito wake wenyewe uirudishe wima.

Hatua ya nne: ujue kamera inaishia wapi

Nilinunua kamera yangu ya kwanza ikiwa imeshatumika, yenye kebo ya mita 15, kutoka kwa mtu aliyenionyesha video safi sana kwenye simu yake. Usiku wa kwanza tuliishusha kando ya taa, si mbali na pwani ya Katana. Kwenye skrini tuliona chembe nyeupe zikianguka bila kikomo, kama mvua mbele ya taa za gari. Zilikuwa ni wanyama wadogo wa majini ambao sambaza huwala, waliovutwa na taa zetu na kuangazwa na taa za kamera yenyewe. Mara mbili au tatu kivuli chembamba kilipita. Tulipoivuta kamera juu, kebo ilikuwa imeshaingia kwenye macho ya wavu, na tulilazimika kukata sehemu ya wavu ili kuitoa.

Kosa halikuwa la kamera. Taa nyeupe za kamera hugonga kila chembe iliyo mbele ya lenzi kabla ya kumfikia samaki. Taa za infraredi, ambazo samaki wengi hawazioni, hazimtishi samaki, lakini maji hufyonza mwanga huo upesi sana, hivyo hufika mita moja au mbili tu, na picha huwa nyeusi na nyeupe. Usiku, katika maji yenye chakula kingi cha samaki, kamera ni jicho la karibu sana.

Mchana, karibu na kizimba, mambo hubadilika kabisa. Nyavu za kizimba ziko mita chache tu chini, mwanga wa jua unafika, na kila unachotaka kukiona kiko karibu. Shusha kamera polepole nje ya kizimba, upande kwa upande, ukifuata mshono wa wavu kutoka juu hadi chini; tundu ambalo ngumi inaweza kupita huonekana wazi, na kwa tundu hilo mfugaji anaweza kupoteza samaki wa miezi mitano katika usiku mmoja. Kisha iingize ndani mpaka karibu na sakafu ya wavu. Samaki waliokufa hulala pale kabla ya kuelea, na ukiwaona leo utauliza swali la ugonjwa au la oksijeni leo, badala ya wiki ijayo. Baada ya kulisha, ngoja dakika kumi uangalie kama punje za chakula zinapita katikati ya samaki bila kuguswa na kutoka chini. Kwa mfugaji, chakula ndicho kinachokula pesa, na sona haiwezi kumwonyesha punje moja.

Hatua ya tano: amua

Ukiwa na namba za hatua ya pili na swali la hatua ya kwanza, uamuzi hauna ugumu. Nunua sona kama unafanya kazi kwenye maji ya zaidi ya mita 10, au usiku, au kama uwazi wa maji yako hauzidi mita 2. Nunua kamera kama kazi yako iko ndani ya mita 6 za juu, mchana, kwenye maji ambayo sahani huonekana mpaka mita 3 au zaidi, na kama unalotaka kuliona ni wavu, chakula, kidonda au mayai.

Kati ya flasha na sona ya skrini inayochora, mimi humshauri mvuvi wa wavu wa kuinua achukue flasha, kwa kuwa hakai akisafiri; anachohitaji ni kuona sasa hivi samaki wakipanda au wakishuka. Anayevua kwa kutembea na mtumbwi wa injini achukue sona ya skrini, ambayo itamwonyesha alipopita. Watu wa chama kimoja cha uvuvi wanaweza kununua sona kwa pamoja, na nadhani ndiyo njia ya haki zaidi kwa timu zetu nyingi. Waandikiane tu nani anakitunza chombo na nani analipa kikiharibika.

Hatua ya sita: hesabu umeme

Vyombo vingi vya aina hii hutumia volti 12. Tafuta kwenye karatasi ya chombo ni ampea ngapi kinavuta, uzidishe kwa saa za kazi. Sona inayovuta ampea 0.3 kwa saa 10 itahitaji ampea-saa 3. Kamera yenye skrini na taa, ikivuta ampea 0.8, itahitaji ampea-saa 8. Betri ya risasi haipaswi kutumiwa chini ya nusu yake ikiwa unataka idumu, kwa hiyo zidisha namba hiyo kwa mbili: sona inatosheka na betri ndogo ya ampea-saa 7, kamera inahitaji ya 16 au zaidi. Wenzetu wa barafuni hupoteza sehemu ya nguvu ya betri kwa baridi. Sisi hatuna shida hiyo, ila tuna shida ya kuichaji, kwa hiyo hakikisha paneli yako ya sola inaweza kurudisha mchana kile ulichotumia usiku. Usiunganishe chombo kwenye betri ileile ya taa bila fyuzi.

Hatua ya saba: kagua kabla ya kulipa

Hapa sitarefusha. Kunja kebo mahali inapoingia kwenye transdyusa au kamera, uangalie kama imepasuka. Washa chombo ukiwa umezamisha kichwa chake kwenye ndoo ya maji, si mezani. Kwa kamera, kiache ndani ya ndoo saa nzima, kisha utazame kama kuna ukungu ndani ya lenzi; ukiuona, maji yameshaingia. Uliza kama transdyusa ya ziada inapatikana, kwa kuwa ndiyo huharibika kwanza.

Na usome vipimo. Vyombo vingi kutoka Marekani huonyesha kina kwa futi, na futi moja ni sentimita 30 na nusu. Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe. Usiku mmoja duara lilionyesha 70, nikawaambia wenzangu kwamba tuko juu ya mita 70 na wavu unaweza kushuka bila hofu. Zilikuwa futi 70, yaani mita 21. Wavu uligusa miamba, ukapasuka upande mmoja wote, na timu ya watu wengi ilirudi nyumbani bila kitu kwa siku nne za kushona. Tangu hapo, jambo la kwanza ninalofanya na sona ngeni ni kuishusha mahali ambapo kamba ya timazi imeshanipa namba, na kulinganisha. Tofauti ya mita moja kwenye mita 20 isikutishe, maana sauti husafiri kama mita 1,400 kwa sekunde katika maji ya barafu na karibu mita 1,490 katika maji ya Kivu, na chombo kilichopangwa kwa baridi hupunguza kidogo. Tofauti ya mara tatu ni ya futi.

Hatua ya nane: usiku wa kwanza na sona

Chagua usiku usio na mbalamwezi, kama unavyofanya siku zote kwa sambaza. Fika mapema, jua likiwa bado halijazama kabisa, uwashe chombo kabla ya taa. Punguza geini, yaani kitufe cha kuongeza usikivu, mpaka sakafu pekee ibaki kama mstari mwekundu, kisha iongeze polepole mpaka mistari hafifu ya kijani ianze kutokea katikati ya maji. Ukiiongeza kupita hapo utaona samaki wasiokuwepo. Kama uko juu ya maji marefu kiasi kwamba sakafu haifikiwi, shusha kopo la bati lenye jiwe ndani mpaka mita 15, urekebishe geini kwa kulitazama hilo.

Jua linapozama, tazama mkanda wa kijani ulio chini. Mchana sambaza hukaa chini zaidi. Gizani hupanda wakifuata chakula chao. Utaona mkanda huo ukisogea juu kidogo kidogo, na hilo peke yake litakuonyesha kama mahali ulipochagua pana samaki, kabla hata ya kuwasha taa ya kwanza.

Kisha shusha wavu. Macho ya wavu hutoa mwangwi hafifu sana, kwa hiyo funga kipande kifupi cha mnyororo katikati yake, chini ya transdyusa; kitakuwa mstari wako wa kudumu kwenye duara. Mvuvi wa barafuni hufanya vivyo hivyo na chambo chake: huona mstari wa chambo, huona mstari wa samaki, na hucheza na umbali kati yake. Wewe unangoja kitu kimoja. Samaki walio chini ya mstari wa mnyororo hawajawa wako. Walio juu yake, kati ya wavu na taa, ndio wa kuvuta.

Mzee mmoja niliyekuwa nikitoka naye ziwani, aliyevua kwa miaka mingi bila chombo chochote, aliniuliza usiku wa kwanza akiwa ameshashika kamba: «Fundi, tuvute ao tungoje?» Mstari wa mnyororo ulikuwa kwenye mita 18, na mkanda wa samaki, wenye rangi ya chungwa, ulikuwa kwenye mita 20. Nilimwomba tungoje. Baada ya robo saa mkanda ulipanda, ukaungana na mstari wa mnyororo mpaka sikuweza kuitofautisha, kisha ukatokea juu yake, mita 14, ukiwa mwekundu katikati. Ndipo tukavuta, sote kwa pamoja, kwa haraka na bila kupiga kelele.

Kama mtumbwi mwingine ulio karibu una sona ya mlio uleule, duara lako litaanza kumeta mistari inayokimbia. Bonyeza kitufe cha kuzuia mwingiliano kama kipo. Kama hakipo, ombeni nafasi ya mita 50 au zaidi kati yenu.

Asubuhi, osha transdyusa kwa maji safi, ipanguse utando wa mafuta kwa kitambaa laini, kausha viunganishi vya kebo na uvipake mafuta mazito ya kuzuia kutu. Usikunje kebo kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi. Izungushe kwa duara kubwa. Kabla ya kulala, andika katika daftari tarehe, mahali, kina cha samaki wakati wa jua kuzama, saa waliyofika juu ya wavu, na idadi ya ndoo mlizopata.